Kabla Hujajiandikisha Kusoma CAD: Maneno ya Mbeba Boksi Mstaafu

Kila mwezi hazikosi simu mbili tatu za namna moja. Mtu kaja Marekani kwa bahati nasibu ya Green Card, huu ni mwaka wake wa tatu anabeba boksi zamu ya usiku, mgongo umeanza kumdai, halafu kasikia kwamba mimi nilitoka ghalani nikaenda kukaa mezani kwa sababu ya "ile michoro ya kompyuta", yaani CAD. Salamu zikiisha, swali ni lile lile: "Kaka, hiyo programu mtu anaijua kwa muda gani?"

Programu utaijua kwa miezi mitatu. Kuchora ndiko kwenye maneno, na kwa kuwa nimechoka kuyarudia kwenye simu, leo nayaandika.

Mimi niko Houston, Texas. Nilisoma chuo cha jamii madarasa ya jioni, miaka mitatu badala ya miwili. Natoka ghalani alfajiri, nalala hadi saa nane mchana, saa kumi na moja na nusu niko darasani, saa nne usiku nimerudi kwenye boksi. Sikushauri ratiba hiyo, lakini najua ndiyo utakayokuwa nayo, kwa hiyo tusidanganyane.

Habari ya ada nitaipitia haraka. Hapa Texas kila chuo cha jamii kina eneo lake. Houston Community College, Lone Star na San Jacinto kila kimoja kina mipaka yake, na anayeishi ndani ya mipaka analipa kidogo kuliko wa nje. Anayetoka jimbo lingine, au aliye kwenye viza ya mwanafunzi, analipa zaidi sana. Kwa kawaida uwe umeshaishi jimboni miezi 12 ndipo uhesabiwe mwenyeji. Ukiwa na Green Card unaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo, na kama kipato chako ni hiki chetu cha ghalani unaweza kupata Pell Grant, ambayo si mkopo, hairudishwi. Mwaka wa masomo 2024/25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Fomu ni bure. Anayekuomba hela ili akujazie, kama huhitaji msaada wa lugha, anakuingiza mjini.

Mimi mwenyewe nilikaribia kuingizwa mjini, ila mahali pengine. Kabla ya chuo cha jamii nilikwenda kwenye chuo kimoja cha binafsi kinachoendeshwa kibiashara, kina zulia zuri na dada mchangamfu wa mapokezi, cheti cha miezi tisa kwa mkopo ambao ningeulipa mpaka wanangu waoe. Nilimuuliza swali moja tu: hizi krediti zenu (pointi za kozi mtu alizomaliza), vyuo vya serikali vinazipokea? Akabadilisha mazungumzo. Nikachukua kofia yangu.

Sasa umeshaamua, unataka cheti au stashahada ya miaka miwili? Hapo kaa na mshauri wa masomo umwambie ukweli wa mwisho wa safari yako. Kulikuwa na Mkongo mmoja darasani kwetu, kijana wa Bukavu, kichwa kweli kweli, Kiswahili chake kilinichekesha na changu kilimchekesha. Yeye lengo lake lilikuwa uhandisi. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Akasoma hesabu za ufundi kama sisi wengine, akamaliza na alama nzuri, akaenda chuo kikuu na krediti zaidi ya 60 mkononi. Wakazipokea chache. Stashahada ya ufundi imetengenezwa kukupeleka kazini, haikutengenezwa kukupeleka kwenye digrii. Mwenye lengo la digrii ya uhandisi aanze na hesabu za kalkulasi na fizikia tangu mwanzo, michoro aiongezee pembeni. Ukinyamaza, mfumo utakupanga unavyoona wenyewe.

Haya, kuchora kwenyewe.

Mimi nilidhani nitakuwa mbele ya wenzangu. Nilisoma Ifunda, shule ya ufundi. Uchoraji tulifundishwa kwa ubao, rula ya T na penseli ngumu, na ukichafua karatasi mwalimu anaichana mbele yako. Kwa hiyo wiki ya pili chuoni, tulipopewa kipande cha chuma chenye umbo la L, kina tundu upande wa kushoto, tukaambiwa tukichore sura tatu, yaani kinavyoonekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni, mimi nilimaliza wa kwanza nikakunja mikono.

Mwalimu alikuwa mzee aliyeanza kuchora mabomba ya viwanda vya mafuta miaka ya sabini. Akautazama mchoro wangu, akatikisa kichwa, akasema: "Umechora vizuri sana kitu ambacho sicho."

Nilichora kama nilivyofundishwa: sura ya juu nikaiweka chini ya sura ya mbele, sura ya ubavu wa kushoto nikaiweka kulia. Ile inaitwa pembe ya kwanza. Ndiyo tuliyoirithi kwa Waingereza, na Ulaya wanaitumia mpaka leo. Wamarekani wanatumia pembe ya tatu: sura ya juu inakaa juu, ya kushoto inakaa kushoto. Mzee akachukua boksi la karatasi (na mimi na maboksi, hatuachani), akaweka kile chuma ndani, akachora kila upande wa boksi kile ambacho jicho linakiona kutokea nje, kisha akalikunjua juu ya meza. Hapo nikaona. Akauliza, "Fundi wa karakana akiusoma mchoro wako kwa macho ya hapa, tundu atalitoboa wapi?" Upande wa pili. Chuma kimekwisha, hakuna dawa ya tundu.

Pembeni mwa mchoro, kwenye kisanduku cha maelezo, kuna kialama kidogo cha pia iliyokatwa kichwa. Kazi yake ni kumwambia msomaji ni pembe ipi. Ifunda nilikuwa nakichora kila siku kama pambo. Miaka minne ya pambo.

Kosa la pili lilikuwa la mbao. Nyumbani sote tunajua mbao mbili kwa nne. Muhula wa pili tulichora nyumba ya mbao ya Kimarekani, ambayo ukuta wake wa ndani ni mbao mbili kwa nne halafu ubao wa jasi wa nusu inchi kila upande. Nikajumlisha: nne na moja, inchi tano. Nikachora nyumba nzima. Vyumba vyote nikavipa vipimo vyake, kilichobaki nikakiachia bafu. Mzee akanitupia kipande cha mbao na futi ya chuma. Nikapima. Mbili kwa nne ya dukani, ikishapigwa randa, ni inchi 1½ kwa 3½. Ukuta wangu ulitakiwa uwe inchi 4½. Kuta sita kwa mstari, nusu inchi kila ukuta, inchi tatu zimekwenda. Beseni lao la kawaida la kuogea lina urefu wa inchi 60. Nilikuwa nimeliachia 57.

Kompyuta haikusema kitu. Ilinichorea kosa langu kwa mistari iliyonyooka kama uzi. Ndiyo maana mtu akinipigia kuniuliza muda wa kujifunza programu, mimi namuuliza: umewahi kushika mbao? Umewahi kulehemu, kupiga bomba, kufunga nyaya? Kama ndiyo, uko mbele ya vijana wengi watakaokaa nawe darasani, hata kama wao vidole vinakwenda mbio kuliko vyako. Kama hujawahi, mwombe mwalimu akupeleke karakana ya chuo, uone wanaosoma uchomeleaji wanavyosoma michoro. Ni mlango wa pili tu koridoni na hakuna aliyenizuia kuingia.

Na uchague mapema utachora nini. "CAD" si kazi, kama ambavyo "kalamu" si kazi. Kuna wa majengo, hao wanaishi kwenye programu ya Revit. Kuna wa mashine na vipuri, hao programu yao ni SolidWorks, na hao wana mtihani mzito wa alama za tolaransi, yaani kipimo kinaruhusiwa kikosee kiasi gani. Kuna wa barabara na viwanja. Hapa Houston kuna mabomba, mabomba na mabomba. Programu ya AutoCAD, ambayo ilitoka mwaka 1982, utaikuta karibu kila mahali, ndiyo maana ndiyo ya kuanzia.

Kuhusu vifaa, usinunue kitu kabla ya kuuliza. Mimi kwa pupa nilinunua Mac ya mtumba, nikaringa nayo wiki moja. SolidWorks na Revit zinataka Windows. Ikabidi Jumamosi zangu ziishie maabara ya chuo, na nitasema ukweli, ilikuwa heri, maana pale ndipo nilipojifunza kwa wenzangu zaidi ya darasani. Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, wanawapa wanafunzi programu zao bure, unathibitisha kila mwaka kwamba bado unasoma. Nunua mausi yenye gurudumu, hata ya dola kumi. Nilimwona dada mmoja akichora kwa kidole juu ya kile kibao cha laptop wiki nzima, nikamhurumia kama mtu anayepalilia kwa kijiko. Mkono wa kulia kwenye mausi, wa kushoto kwenye kibodi kwa amri za AutoCAD: L mstari, O nakili sambamba, TR kata, Esc mara mbili ukichanganyikiwa. Mkono wa kushoto ukilala, nawe umelala.

Leya nazo, yale matabaka ya mchoro unayoweza kuyawasha na kuyazima, zipange tangu mstari wa kwanza. Kuta leya yake, umeme leya yake, vipimo leya yake. Ukizembea hutaonekana siku hiyo. Utaonekana mwezi wa nne, mwenzako akitaka kuzima umeme abaki na kuta, na nyumba nzima inazimika.

Watu huniuliza pia kama akili mnemba haitatuondoa. Nilimuuliza mzee swali hilo. Akanisimulia ukumbi wa kwanza aliofanyia kazi, mbao za kuchorea safu kwa safu, na watu ambao kazi yao ilikuwa kunakili kwa wino tu michoro ya wenzao. Kompyuta zilipoingia, wale wa wino waliondoka mwanzo. Yeye alibaki kwa kuwa alijua kwa nini bomba linapinda pale. Zaidi ya hapo hakusema, akaendelea kula ndizi yake.

Kazi yangu ya kwanza niliipata karakana ndogo ya vyuma. Kwenye usaili nilikwenda na mafaili yangu yote ya kung'aa, nyumba za rangi zinazozunguka kwenye skrini. Bosi hakuyafungua. Akaweka mezani kipande cha chuma, kipimio na karatasi tupu, akasema nikichore kwa mkono, niweke vipimo vinavyotosha kukitengeneza, visizidi, visipungue. Kisha akanipa mchoro wenye makosa na kalamu nyekundu. Niliona matano. Yalikuwa saba, akaniajiri hivyo hivyo kwa dola 22 kwa saa. Miezi sita ya kwanza sikuchora kitu kipya hata kimoja. Nilikuwa narekebisha yaliyowekewa kalamu nyekundu na wakubwa, kutwa nzima. Usikasirike ukipewa hiyo. Hakuna darasa litakaloonyesha makosa mengi kiasi kile.

Jambo jingine, ndugu watakuja. Ukishajulikana unachora, WhatsApp inajaa: "Mdogo wangu, nichoree ramani, vyumba vitatu, kimoja masta." Chora, ni mazoezi mazuri kuliko ya kitabuni, ila waambie wazi kwamba hicho si kibali cha ujenzi, na mambo ya nguzo na zege wamtafute mtaalamu aliyesajiliwa huko huko.

Ya kaka yangu wa Mafinga niliichora mwaka wa mwisho wa masomo, nikiwa nimelewa sifa, vipimo vyote vya Kimarekani na sehemu za inchi hadi moja ya nane. Fundi alinipigia mwenyewe. "Mhandisi, shikamoo" (ananizidi miaka ishirini, nikajua nimeharibu), "hapa umeniandikia futi 10, inchi 8 na moja ya nane. Hiyo moja ya nane niikate kwa wembe?"

Juzi kaka alinitumia picha, nyumba iko kwenye lenta. Nikaikuza picha nione kuta, nikaiona karatasi yangu imebandikwa kwa tope karibu na mlango. Kipimo changu kimechorwa mstari kwa mkaa. Juu yake fundi kaandika: futi 11, tofali zisikatwe.