Usiiuze darubini kwa sababu ya Nebula ya Helix

Kijana mmoja wa Sengerema ameniandikia. Kanunua darubini ya inchi 6, kahangaika kuitafuta Helix, ile nebula (wingu la gesi angani) wanayoiita Jicho la Mungu, na hakuambulia kitu. Sasa anatafuta mteja. Mdogo wangu, usiuze.

Wengi huvutwa na picha ya Helix. Kwenye orodha ina mwangaza wa 7.6 (namba ikiwa ndogo, mwanga ni mkali zaidi), unadhani ni rahisi. Lakini mwangaza huo umetandazwa kwenye eneo lenye upana wa karibu nusu ya mwezi mpevu, kwa hiyo unafifia mpaka unapotea. Katika kundinyota hilohilo la Ndoo kuna NGC 7009, Nebula ya Zohali. Ina mwangaza wa 8 hivi, ila wote umebanana mahali padogo sana. Anza na hiyo.

Juzi usiku niliielekezea darubini kutoka juu ya mwamba huku Kayenze, kando ya Ziwa Victoria. Usiku wa giza tunaoutaka sisi ndio wanaoutaka wavuvi wa dagaa, hivyo ziwa lilikuwa limejaa taa. Nikalipa ziwa mgongo. Mvuvi mmoja aliyekuwa akisubiri wenzake akaomba kuchungulia. Akainama, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Kaka, mbona si duara? Kama yai." Hajawahi kushika darubini, na kaliona umbo!

Nimewahi kuiomba shule moja jijini ilete wanafunzi watazame bure. Nikajibiwa kwamba hayo hayaji kwenye mtihani. Bado inaniuma, siwezi kuficha. Nebula ile ya Zohali ni nyota iliyozeeka, ikavua matabaka yake ya nje. Kiini kilichobaki kina joto la makumi ya maelfu ya nyuzi, na miale yake ya urujuanimno ndiyo inayoiwasha gesi. Mwanafalaki William Herschel aliiona mwaka 1782. Vitu vya aina hii alivifananisha na visahani vya sayari, akaviita nebula za sayari, na jina likaganda ingawa sayari hazihusiki. Ukijani unaoonekana kwenye nebula hiyo unatoka kwenye oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Wataalamu waliudhania kuwa wa elementi mpya kabisa mpaka mwanafizikia Ira Bowen alipolitegua fumbo mwaka 1927. Mtoto wa kidato cha pili anayesoma kemia haya hayamhusu?

Basi fanya hivi. Septemba na Oktoba, saa tatu usiku, Ndoo iko karibu na utosi. Zima simu, kaa gizani nusu saa. Tafuta kwa lenzi ya ukuzaji mdogo, na ukiona nyota iliyonenepa kidogo, panda hadi mara 150. Usiikodolee, tazama pembeni yake, ukungu utajitokeza. Ukiwa na kichujio cha oksijeni, yaani kinachopitisha ule mwanga wa kijani na kuzuia mwingine, kipitishe mbele ya lenzi ya jicho ukikitoa na kukirudisha: nyota zitafifia, nebula itabaki. Zingatia giza na subira. Vijana wetu wanakata tamaa mapema mno, na anga letu hili linatuonyesha karibu kila kundinyota, la kusini na la kaskazini.

Ukishaizoea hiyo, rudi kwa Helix ukiwa na lenzi ya ukuzaji mdogo kuliko zote, mbali na taa za mji.