Usiyageuze maandishi kuwa pikseli kabla kazi haijakubaliwa

Simama hapo hapo, ndugu yangu. Umeeleza kwamba unataka maandishi ya dhahabu kwenye bango la kuchapishwa, ukauliza fonti na rangi zinazofaa, kisha ukataja kuwa video unayoifuata inakuelekeza uyageuze maandishi kuwa pikseli, yaani vidoa vya rangi vinavyounda picha, na kuunganisha leya zote, yaani tabaka za faili zinazopangwa moja juu ya nyingine, kabla ya kuweka mng'ao. Usifanye hivyo.

Njia hiyo hiyo nilifundishwa na mtu aliyedai kuwa inaharakisha kazi, naye alifanyia kila kitu kwenye faili lenye upana wa pikseli 1,000, nami nikamfuata. Mteja aliporudi akitaka herufi moja ya jina lake ibadilishwe, faili halikuwa tena na herufi, lilikuwa na picha ya herufi tu. Isitoshe, pikseli 1,000 zikichapishwa kwa kipimo cha pikseli 300 kwa inchi hazifikishi hata sentimita 9. Tulipolikuza, kingo zote ziliingia ukungu na dhahabu ikatoweka, kwa sababu jicho huitambua metali kwa mpaka mkali kati ya mwanga na giza, wala si kwa unjano wake. Kazi ilianza upya na malipo yakapotea. Mpaka leo ninakasirika kwamba mtu anayejiita mwalimu aliyanyamazia mambo mawili yanayoamua kila kitu.

Panga kwanza ukubwa wa mwisho wa bango, kisha yaache maandishi yabaki maandishi. Katika Photoshop, programu ya kuhariri picha, mwinuko wa kingo, mpito wa rangi (rangi moja kuingia nyingine) na kivuli huwekwa kama mitindo ya leya juu ya maandishi yanayoweza kuhaririwa, hivyo ukibadilisha herufi, mng'ao hujipanga upya wenyewe. Ukubwa nao usiupuuze: ukiyavuta maandishi yawe makubwa baadaye, mwinuko wa pikseli 5 hubaki pikseli 5 na huonekana kama uzi mwembamba, mpaka uikuze mitindo yenyewe kwa amri yake kwenye menyu ya leya.

Kuhusu rangi, pishanisha kahawia iliyokolea, njano na krimu inayokaribia weupe, na mabadiliko yawe ya ghafla.

Mchapaji akidai faili lililounganishwa, hifadhi nakala kwa jina jingine, uunganishe leya za nakala hiyo peke yake, na faili la asili ulitunze mpaka mteja atakapopokea bango lake.