Mngurumo kwenye amplifaya ya valvu: tafuta chanzo kabla ya kuongeza kapasita

SWALI: Mimi ni mkazi wa Kondele, Kisumu. Nimeunda amplifaya ya stereo ya valvu (taa za kioo za kukuza sauti), yenye ECC83 moja mbele ya kukuza sauti ndogo na EL84 moja kila upande ya kusukuma spika. Muziki unasikika vizuri, ila spika zote mbili zinanguruma hata nikishusha sauti kabisa. Rafiki ananishauri niongeze kapasita kwenye pawa saplai. Je, nimfuate?

JIBU: Ndugu, usinunue chochote kwanza. Kwa kuwa sauti ikishushwa mngurumo unabaki, chanzo kiko ndani ya amplifaya yenyewe, baada ya kitasa cha sauti, na mlio wake utakuelekeza. Stima yetu ni ya hezi 50, na ikishapita kwenye daraja la dayodi linaloigeuza kuwa stima ya DC, mabaki ya mawimbi yake huwa ya hezi 100. Mlio mzito wa hezi 50 kwa kawaida hutoka kwenye nyaya za hita (zinazopasha valvu moto kwa ndani), au kwenye transfoma ya stima iliyokaribiana mno na transfoma za spika, na kapasita haziwezi kuuondoa.

Zima, chomoa plagi, kisha upime kapasita kwa mita hadi volti zikaribie sifuri, maana volti 300 zilizobaki humo zinaweza kuua hata plagi ikiwa mkononi mwako. Toa ECC83 na uwashe tena, spika zikiwa zimeunganishwa. Mngurumo ukitoweka, anzia kwenye hita: sokota nyaya zake mbili kwa kubana, uzilaze kwenye kona ya chasi mbali na nyaya za gridi (mguu wa valvu unaopokea sauti), na ikiwa koili ya transfoma inayolisha hita haina waya wa katikati, unganisha rezista ya ohm 100 kutoka kila upande hadi ardhi.

Mngurumo ukibaki hata ECC83 ikiwa imetolewa, nao ni wa hezi 100, kagua nyaya za ardhi kabla ya kumsikiliza rafiki yako. Waya hasi wa dayodi uende moja kwa moja kwenye mguu hasi wa kapasita ya kwanza, na ardhi ya sakiti nzima ianzie hapo. Ukiufunga kwingine kwenye chasi, mikupuo ya stima ya kuchaji kapasita hupitia ardhi ya sauti, na kapasita kubwa zaidi huweza kuizidisha mikupuo hiyo. Ni pale tu ardhi ikiwa sawa ndipo kapasita zinapofaa kuongezwa.

Waya wa ardhi wa plagi usiukate kamwe, hata ukiona mngurumo umepungua, kwa sababu hitilafu moja ya transfoma itaiachia chasi stima ya volti 240.