Kijana hashikiki, nimwombeeje? Majibu kwa wazazi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wazazi wenye vijana wa miaka 13 hadi 17. Tumechagua sita. Majina tumeyaacha.

Swali: Mwanangu ana miaka 15. Nikimsemesha ananijibu kwa jeuri, au hanijibu kabisa. Kila usiku namwombea sebuleni kwa sauti, naye hubamiza mlango wa chumba chake. Nizidishe maombi? (Mama, Mbweni)

Maombi yabaki, mama, sauti ndiyo ipungue. Kijana wa umri huo husikiliza sala ya mzazi kama watu wanavyosikiliza taarabu ya mipasho: anatafuta kijembe kinamwendea nani. Ukisema "Bwana, mtoe kwenye makundi mabaya," anasikia anasemwa, tena mbele ya Mungu, mahali ambapo hawezi kujibu. Mathayo 6:6 inatuambia tuingie chumba cha ndani na kufunga mlango. Basi mlango wa kwanza kufungwa ni wako.

Jaribu hivi kwa siku 30. Adhana ya alfajiri ikikuamsha, na hapa Unguja humwamsha kila mtu, usirudi kulala. Dakika 10 zinatosha. Mbili za kwanza kaa kimya, hasira za jana zitulie. Tatu zinazofuata soma Zaburi ya 13 polepole. Ina mistari sita tu, inaanza kwa "hata lini" na kuishia kwenye kuimba, na mtu akiisoma hana haja ya kujifanya hana uchungu. Kisha mshukuru Mungu kwa jambo moja ulilomwona nalo mwanao jana. Liwe dogo, lakini la kweli: alimpokea bibi ndoo, alimchekesha mdogo wake. Hapo ndipo wengi hukwama, maana kufika siku ya tatu hawana la kutaja. Jambo lipo, ila macho yamezoea kuhesabu makosa. Ukilikosa, kulitafuta ndiyo kazi yako ya siku nzima.

Halafu omba kitu kimoja kinachoweza kuonekana kabla jua halijazama. "Mbadilishe" ni pana mno, hutajua limejibiwa lini. Sema, "Leo akirudi skuli, neno langu la kwanza lisiwe la kumhoji." Andika tarehe na ombi kwenye daftari, umalizie kwa Baba Yetu. Utaona ombi hilo linakugusa wewe kuliko yeye. Ndivyo tulivyokusudia, kwa sababu kinywa chako ndicho kilicho karibu nawe.

Jambo jingine. Ukipeleka ombi jumuiyani, sema tu "mwombeeni mwanangu," basi. Wakristo wa visiwani ni wachache na tunajuana. Akikutana sokoni Darajani na mama anayemtazama kwa huruma, atajua umemtangaza, na hapo utakuwa umepoteza zaidi ya ulichokuwa umepoteza.

Swali: Kijana wangu wa miaka 16 ameacha kuja kanisani. Rafiki zake wote ni Waislamu, msimu wa karafuu anachuma nao na ana pesa zake. Nimlazimishe? (Baba, Wete)

Kabla ya kumlazimisha, baba, muulize mara moja tu, tena mkiwa mnafanya kazi bega kwa bega, maana uso kwa uso ni kesi. Sababu huwa ndogo kuliko tunavyodhani: hana viatu vya kuvaa mbele ya watu, alisemwa kwenye mahubiri, amebaki kijana peke yake kwenye benchi la watoto. Mara chache sababu huwa nzito, yaani kuna mtu mzima hapo kanisani aliyemfanyia jambo baya. Akikuashiria hilo, acha habari ya kuhudhuria na umsikilize hadi mwisho. Simu 116, ya huduma kwa watoto, hupigwa bila malipo.

Kama hakuna kubwa, tenganisha sheria ya nyumba na imani yake. Sheria ya nyumba unaweza kuiweka: saa ya kurudi, chakula cha Jumapili mnakula pamoja, baba anaomba kabla ya kula, sentensi mbili na si saba. Imani huwezi kuiamrisha, na kipaimara kilicholazimishwa ni picha ya ukutani tu. Rafiki zake waachie. Na usimwambie "wenzako wanaswali mara tano, wewe hata Jumapili moja." Wazazi wengi hupenda sana kauli hiyo, lakini hatujamwona kijana aliyevutwa kanisani kwa kuaibishwa na dini ya jirani.

Swali: Nimeweka nia ya kufunga siku tatu kavu kwa ajili ya binti yangu. Ninatumia dawa za sukari. (Mama, Mwanakwerekwe)

Usifunge kavu. Anayetumia dawa za sukari akikaa bila kula anaweza kuanguka, na kwa joto letu kukosa maji kunazidisha hatari. Muulize daktari wako kwanza, au funga kitu kingine: simu baada ya magharibi, au maneno ya kejeli.

Hata mwenye afya aangalie saa. Binti anarudi skuli mchana, nawe njaa imekukaa kooni. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Isaya 58:4 iliwakemea watu wa namna hiyo hasa: "mwafunga mpate kushindana na kugombana." Mfungo ukikufanya mkali, kula.

Swali: Aliiba pesa zangu za duka. Nimeapa sitamsemesha mpaka aje apige magoti. Huu ni mwezi wa pili. (Baba, Chake Chake)

Soma 2 Samweli 14. Mfalme Daudi alikubali mwanawe Absalomu arudi Yerusalemu, lakini akamnyima uso wake miaka miwili. Absalomu alipochoka alichoma moto shamba la shayiri la Yoabu, jemadari wa Daudi, ili mtu amsikie. Mtoto aliyenyimwa uso hutafuta cha kuchoma. Baadaye alimwasi baba yake akauawa, na kilio cha Daudi juu ya lango kilikuja wakati hakuna wa kukisikia.

Kiapo hicho kivunje kesho asubuhi, kwenye chai na boflo, kwa sentensi moja: "Pesa utazilipa, tutapanga. Lakini kukaa bila kukusemesha nilikosea." Nyamaza baada ya hapo. Usiongeze "ila na wewe." Deni liandikeni, kiasi kidogo kila wiki kwa kazi inayojulikana, kusafisha duka au kubeba mzigo, na likiisha lisitajwe tena. Baba akidai magoti na pesa kwa pamoja, kwa kawaida hukosa vyote viwili.

Swali: Nimekuta karatasi ya foili iliyoungua mfukoni mwake, na anasinzia sinzia mchana. Mchungaji anasema tumfungie ndani siku saba za maombezi. (Mama, Mjini)

Msimfungie. Kama ni unga, yaani heroini, arosto (mateso ya mwili unapoikosa) huja na kutapika na kuharisha, na mwili unaweza kukauka vibaya ndani ya chumba kilichofungwa. Mpelekeni Hospitali ya Kidongo Chekundu, inayohudumia magonjwa ya akili na watumiaji wa dawa za kulevya, na mchungaji aje awaombee huko huko kwenye benchi la kusubiri. Msimvamie kwa mashtaka. Mwonyeshe karatasi, sema "naogopa kukupoteza, twende wote."

Swali: Mithali 22:6 inasema mtoto akilelewa vizuri hataiacha njia. Wangu ameiacha. Nilikosea wapi? Na je, nimtilie mafuta ya upako kwenye chakula bila yeye kujua? (Bibi anayelea mjukuu, Tomondo)

Mithali, bibi, inasema jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Si hati ya mkataba. Wana wa nabii Samweli hawakufuata mwenendo wa baba yao, na Biblia haimwekei Samweli lawama kama ilivyomwekea kuhani Eli kwa wanawe. Monika, mama wa Mtakatifu Augustino, mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, aliwahi hata kumkataza mwanawe kuketi mezani pake, kisha akamrudisha. Alimsumbua askofu mmoja akabishane na kijana huyo. Askofu akakataa, akamwambia amwache, azidi tu kumwombea. Augustino alibatizwa Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32. Yule askofu alijua kijana anayependa ubishi huufurahia.

Mafuta, usitie. Katika Yakobo 5:14 mgonjwa mwenyewe ndiye anayewaita wazee wa kanisa. Mjukuu akija kugundua, hatakula tena kwako, na meza ndiyo nafasi pekee uliyobaki nayo. Kwenye mchuzi wake tia nazi.