Usinunue shamba Rungwe kabla hujalikanyaga na matope

Mwaka juzi nilichoka kulipa kodi pale Mbeya mjini, nikasema bora nitafute ekari mbili nilime, nifuge, hata mambo yakiharibika huko duniani wanangu wasilale njaa. Dalali akanipeleka Rungwe mwezi wa nane, jua tulivu, migomba imestawi mpaka raha, kijito kinapita chini, "kaka hapa maji mpaka uchoke mwenyewe". Ningetoa advansi palepale, sema sikuwa na keshi.

Mwezi wa nne nikarudi peke yangu. Boda akanishusha njiani akasema bosi mbele siendi, utelezi, nikamalizia kwa miguu viatu mkononi. Kijito kimeingia kwenye migomba, ukuta wa jirani una mstari wa tope usawa wa goti, na mlimani juu walipofyeka miti wapande viazi ardhi ina ufa unaingia kiganja. Aprili 2024 tope la mlima Kawetele lilifukia nyumba Itezi hapahapa Mbeya, kwahiyo asiniambie mtu naogopa bure.

Nikamkuta bibi anapalilia magimbi. Shikamoo bibi. "Marahaba mwanangu, umepotea?" Nikamuuliza maji mwezi wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza wanachota wapi, akacheka, akaonyesha ng'ambo ya kilima. Kile kijito changu kikifika mwezi huo hata bata haogi.

Kwahiyo nenda mara mbili, masika na mwisho wa kiangazi, na uulize wanaochota maji, usimuulize anayeuza.

Chakula nacho kina mambo yake. Rungwe kwa mvua zile kukausha mahindi ni vita, yanaota ukungu ukiyaangalia, ila ndizi na magimbi yanakusubiri shambani, ghala lako ni udongo. Makete viazi vipo lakini mwezi wa sita baridi inaunguza majani yanakuwa meusi kama yamechomwa moto. Kyela joto, mpunga, kokoa, ila mito inayoshuka huku juu inafurikia kule. Upande wa Iringa na Njombe wana vinyungu, bustani za mabondeni za kiangazi, hao nawaonea wivu kabisa.

Sola kwenye ukungu wa Tukuyu, mji wa Rungwe, usiitegemee peke yake, weka na kuni kavu chini ya paa. Chumvi, dawa na mafuta ya taa vya wiki mbili viwepo ndani maana barabara ikikatika imekatika. Na karatasi ya dalali siyo hati, nenda serikali ya kijiji, ardhi ya kijiji inapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu.

Mimi mwishowe nimechukua ekari moja na nusu, juu kidogo, karibu na kisima cha yule bibi. Dalali bado anapiga simu, eti mwenye shamba lile kashusha bei.