Maswali yenu ya wodini, leo nayajibu

*Niko mapokezi, ndugu wa mgonjwa wakinifokea na mimi napanda hasira. Nifanyeje? (Nesi, Igoma)*

Sister, huyo mama pengine katoka Ukerewe na meli, kalala kwenye benchi, nauli imeisha, afu unamwambia "subiri" tu. Anasubiri nini? Mwambie "mama naona umechoka, majibu yanatoka kama baada ya saa moja, yakichelewa nakuja mwenyewe kukwambia", na uende kweli, usipoenda bora ungekaa kimya. Ukiona umepanda, muachie mwenzio dirisha dakika mbili ukanywe maji.

*Foleni ndefu na wagonjwa wanaongea sana. Nawakatishaje? (Dokta, Ilemela)*

Mbona unawakatisha tayari, hujijui tu. Marekani mwaka 1984 Beckman na Frankel walichunguza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa, wakakuta daktari anaingilia kwa wastani baada ya sekunde 18, yaani hata salamu ya "mwangaluka" haijaitikiwa vizuri! Uswisi 2002 madaktari walipowaacha wagonjwa waongee mpaka wamalize, wastani ukawa sekunde 92. Dakika moja na nusu dokta, vumilia.

*Bibi namuelekeza dozi anaitikia "ee", akirudi kakosea yote. (Sengerema)*

Hiyo "ee" ni heshima, bibi hawezi kukubishia. We unasema "nne kutwa mara mbili" yeye anasikia namba tu. Chukua mseto, dawa ya malaria, ya mtu mzima vidonge 24 siku 3, mwonyeshe kwa mkono: hivi vinne sasa hivi, hivi vinne baada ya masaa nane, kuanzia kesho asubuhi na jioni, na ale kitu chenye mafuta kidogo. Usimuulize "umeelewa?", nani atasema hapana. Muulize "bibi, mjukuu akikuuliza utamwambiaje?" Na kama Kisukuma hakipandi tafuta mhudumu mwenzio, mimi niliwahi kumtumia mjukuu atafsiri, kale katoto kakaruka sehemu zote za aibu.

*Habari ya msiba naitoaje?*

Sio koridoni. Wakalishe, kaa na wewe, simu zima. Na sema "amefariki", neno lenyewe, maana nikiwa mgeni kazini nilimwambia mama mmoja "mzee ametutoka", akanishangaa, "katoka saa ngapi, mbona mimi nilikuwa hapa mlangoni?"