Alama ndogo ndiyo nzuri

Hapana, ukisema alama kubwa ndiyo nzuri umegeuza. Kwenye kile kipimo maalumu cha ufiti wa judo (Special Judo Fitness Test), ambapo unakimbia na kurusha wenzako kwa muda maalumu, alama ikiwa ndogo ndiyo uko fiti, na hesabu yenyewe inaonyesha: jumlisha mapigo ya moyo ukimaliza tu na yale ya baada ya kupumzika dakika moja, kisha gawa kwa idadi ya mara ulizorusha. Umerusha mara 25, moyo 180 ukashuka 150? 330 kwa 25 ni 13.2. Mwenzako wa chuo akirusha 28 kwa mapigo hayohayo anapata kama 11.8, kakupita.

Ila mpime sawasawa: wawili wa uzito wako wasimame mita 6 kutoka kwa mwenzake, wewe katikati, ippon-seoi-nage tu (kumrusha mtu kupitia begani), raundi tatu za sekunde 15, 30 na 30, mapumziko sekunde 10 kati ya raundi. Na msimlinganishe wa kilo 66 na yule wa zaidi ya 100. Huyo mzito anaweza kuwa na nguvu za kutisha kwenye vyuma, lakini kwenye kipimo hiki kuna kukimbia, na mafuta ya mwilini ni mzigo anaokimbia nao.